Saa inaonyesha 174 nami ninapiga soga: niamini nini?

Swali

Kocha, hujambo. Nina miaka 41, ninaishi Kasarani na kazi yangu ni uhasibu, kwa hiyo siku nzima ninakaa. Nilianza kukimbia mwaka jana, na Oktoba hii nataka kumaliza nusu marathoni ya hapa Nairobi. Mume wangu alininunulia saa ya michezo, na tangu niivae sina amani. Jumamosi nikiwa msitu wa Karura na rafiki yangu, tunakimbia polepole tukiongea, saa inaonyesha mapigo 174, wakati mwingine 176, na inasema niko zoni ya tano, ile ya juu kabisa. VO2 max, yaani kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia, inanipa 29 na kuniambia mazoezi yangu hayana tija. Dadangu aliye Mombasa hukimbia kasi kama yangu na saa yake haipiti 150. Nikipumzika mapigo yangu ni 62 hadi 64. Sina maumivu yoyote, na presha nilipimwa mwezi uliopita ikawa sawa. Lakini sasa nimeanza kutembea badala ya kukimbia kwa sababu naogopa moyo wangu. Niamini saa au niamini mwili?

Jibu

Dada, nimesoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimesimama kwenye neno moja: "tukiongea". Mtu wa miaka 41 ambaye moyo wake unapiga 174 kwa dakika, kwa kawaida yuko karibu na dari yake, yaani mapigo ya juu kabisa ambayo moyo wake unaweza kufikia. Hapo hapigi soga. Hutoa neno moja, akameza hewa, akatoa jingine, na ukimuuliza swali hukujibu kwa mkono. Wewe na rafiki yako mnamaliza kisa kizima cha ofisini huku mkikimbia. Kwa hiyo ama hiyo 174 si ya moyo wako, ama dari yako iko juu kuliko saa inavyodhani. Nashuku ni yote mawili, na kila moja lina dawa yake.

Anza na hili leo jioni. Fungua programu ya saa kwenye simu, chagua mbio za Jumamosi iliyopita, uangalie michoro miwili: wa mapigo ya moyo na wa hatua kwa dakika. Watu wengi wakikimbia kwa mwendo wa kadiri hupiga hatua kati ya 160 na 180 kwa dakika. Ukikuta mstari wa hatua uko 174 na wa mapigo uko 174, yote miwili imenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, basi saa yako ilikuwa inahesabu miguu. Karura ina vilima. Hakuna moyo unaotoka mtoni hadi juu ya kilima bila mchoro wake kupanda.

Hili hutokea sana, na sababu yake iko katika namna saa inavyosoma mapigo. Ivue usiku uigeuze, utaona taa ndogo za kijani zikimemeta mgongoni mwake. Damu hunyonya mwanga wa kijani. Kila moyo unapopiga, damu nyingi zaidi hupita kwenye mishipa midogo iliyo chini ya ngozi, mwanga mwingi unanyonywa, na kijicho kilicho kati ya zile taa kinarudishiwa mwanga kidogo. Pigo likishapita, mwanga unaorudi huongezeka tena. Saa inahesabu huko kuongezeka na kupungua. Ukiwa umekaa kwenye kiti, kazi hiyo ni rahisi na saa nyingi nzuri huifanya vizuri sana. Ukianza kukimbia, mkono unatikisika, saa inacheza kwenye ngozi, damu yenyewe inasukwasukwa kwa kila hatua, na mwanga wa jua unapenya pembeni. Sasa saa ina midundo miwili mbele yake, wa moyo na wa miguu, na wa miguu mara nyingi ndio wenye nguvu. Ndani ya saa kuna kifaa kingine kinachohisi mtikiso, ambacho programu hukitumia kuutambua mdundo wa miguu na kuutoa. Mara nyingi hufaulu. Isipofaulu, huung'ang'ania ule wenye nguvu na kukuonyesha kama moyo wako.

Mimi mwenyewe nililiona hili waziwazi asubuhi moja ya Julai, huko huko Karura, katika ile baridi ya kutia vidole ganzi. Nilikuwa napanda kutoka mtoni saa ikionyesha 172. Nikasimama kufunga kamba ya kiatu, na nilipotazama mkono tena, saa ilikuwa 118. Kamba ya kiatu hufungwa kwa sekunde kumi hivi. Moyo uliokuwa 172 kweli hauwezi kushuka mapigo 54 kwa muda huo. Mtu mwenye mazoezi mazuri huenda akapunguza 30 au 40 katika dakika nzima ya kwanza. Kilichosimama ghafla ni miguu yangu. Saa ilipoukosa mdundo wa miguu, ikaurudia wa moyo. Baridi nayo ilichangia: mwili ukipoa, damu hupungua kwenye ngozi ya mikono na kwenda kuulinda mwili ndani, na saa inabaki na kidogo sana cha kusoma.

Jumamosi ijayo fanya jaribio lisilohitaji kifaa chochote. Baada ya dakika ishirini za kukimbia, simama. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, upande wa shingo chini ya taya, au kwenye mkono chini ya kidole gumba. Usitumie kidole gumba kupima, maana kina mshipa wake unaopiga. Rafiki yako ashike muda, wewe uhesabu mapigo kwa sekunde 15 kisha uzidishe kwa nne. Anza kuhesabu mara tu unaposimama, kwa sababu ukichelewa hata nusu dakika moyo utakuwa umeshashuka na utajidanganya upande wa pili. Ukihesabu 36, moyo wako ulikuwa 144. Ukihesabu 33, ni 132. Linganisha na kile saa ilichokuwa ikionyesha sekunde uliposimama, si kile inachoonyesha baada ya wewe kumaliza kuhesabu. Rudia mara tatu katika mbio moja. Tofauti ya mapigo mawili matatu usiijali, lakini tofauti ya 30 itakuwa imekupa jibu.

Baadaye rekebisha uvaaji. Wengi huivaa saa ya michezo kama bangili, ikining'inia juu ya mfupa wa kifundo. Isogeze kuelekea kwenye kiwiko kwa upana wa vidole viwili, mahali penye nyama, uikaze mpaka ukiisukuma inaenda na ngozi. Isikaze hadi mkono uwe na ganzi. Ukiivua iache alama nyepesi inayopotea baada ya muda mfupi. Futa mafuta ya kujipaka mahali hapo kabla ya kuivaa, na ukimaliza mbio ioshe kwa maji ili chumvi ya jasho isigande kwenye kioo cha nyuma. Tembea na kukimbia taratibu kwa dakika kumi kabla ya kuanza kuzijali nambari, hasa miezi ya Juni hadi Agosti, ili damu ifike mikononi.

Kuna swali ambalo hukuliuliza lakini huulizwa kila wiki: je, ni ngozi yetu nyeusi? Melanini hunyonya mwanga wa kijani, kwa hiyo mwanga unaorudi kwenye saa ni mdogo zaidi kwa mtu mweusi. Hilo halina ubishi. Kama tofauti hiyo inatosha kuharibu kipimo, hapo tafiti zimegawanyika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, katika utafiti wa mwaka 2017 uliopima vifaa saba kwa watu 60, waliona makosa zaidi kwa wenye ngozi nyeusi. Wale wa Chuo Kikuu cha Duke, mwaka 2020, hawakuona tofauti ya maana kati ya rangi za ngozi, bali waliona kwamba mwendo ndio unaokiharibu kipimo. Ninayoyaona kwa wakimbiaji ninaowafundisha hapa Nairobi yanalingana zaidi na haya ya pili. Mtu yuleyule, mkono uleule, akikaa saa inasema kweli. Akikimbia imelegea, inakosea. Akiikaza, makosa yanapungua.

Ikiwa umefanya haya yote na bado nambari zinaruka, nunua mkanda wa kifuani. Huu ndio ushauri ambao ningeuweka mbele ya viatu vipya. Mkanda hautumii mwanga. Unasoma umeme ambao moyo wenyewe huutoa kila unapojikunja, jambo lilelile linalofanywa na mashine ya hospitali inayochora mistari ya moyo, ila kwa urahisi zaidi. Kampuni ya Polar ya Ufini ndiyo iliyotoa kifaa cha kwanza cha aina hii cha kuvaliwa bila waya, mwaka 1982, na teknolojia hiyo bado haijapitwa kwa mtu anayekimbia. Mikanda mingi huungana na saa za kampuni nyingine bila shida, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya saa. Lowesha kwa maji zile sehemu mbili za mpira zinazogusa kifua kabla ya kuuvaa, ukae chini kidogo ya matiti, chini ya sidiria yako ya michezo au sambamba na ukingo wake. Ukiwa mkavu, dakika tano za kwanza utaona nambari za ajabu mpaka jasho litoke.

Kwa wasomaji wengine ambao hawajanunua saa na wanaziona zile za bei ya chini sana madukani pale barabara ya Luthuli: muombe muuzaji ndizi au kipande cha karatasi ya chooni kilichokunjwa, uivalishe saa, uiwashe ipime. Saa nyingi zitatoa nambari, 70 au 80, kana kwamba ndizi ina moyo, na hata za kampuni kubwa wakati mwingine hufanya hivyo, kwa sababu programu imefundishwa kutafuta mdundo popote palipo na mwanga unaorudi. Nalitaja jambo hili ili mtu aelewe nambari iliyo kwenye kioo ni kitu gani. Ni makadirio ya programu, na makadirio huhitaji kuhakikishwa.

Sasa nije kwenye dari. Saa yako ilipokuuliza umri ukaandika 41, ilichukua 220 ikatoa 41 ikapata 179, na hiyo ndiyo ikawa kikomo cha moyo wako. Hesabu hii ilianza kuenea tangu mwaka 1971 kutokana na mapitio ya madaktari wa Marekani, na haikukusudiwa kuwa sheria ya kumfunga mtu mmoja mmoja. Mwaka 2001 mtafiti Tanaka na wenzake walitoa nyingine iliyo bora zaidi: 208 ukitoa asilimia 70 ya umri. Kwa umri wako zote mbili zinakupa 179, kwa hiyo hata saa ya kisasa zaidi itakuambia hilohilo. Shida ni kwamba 179 ni wastani wa watu wengi wa umri wako, na watu wametawanyika pande zote za wastani huo kwa mapigo kumi au zaidi. Nimefundisha mama wa miaka 40 na kitu aliyefikisha 194 kwenye mkanda wa kifuani, na kijana wa miaka 28 ambaye hakuwahi kupita 183 hata akikimbia hadi kulala chini. Yule kijana alikuwa na kasi zaidi. Kikomo cha moyo hakionyeshi uzima wa mtu wala uwezo wake. Ni kama kimo, umezaliwa nacho na kinapungua taratibu kwa miaka.

Cha kwako kitafute mwenyewe, lakini tu baada ya kuhakikisha kipimo chako kinasema kweli, na kwa kuwa una miaka 41 na kazi ya kukaa, mwambie daktari wako kwamba unataka kufanya zoezi la nguvu zote. Kama katika familia yenu kuna mtu aliyekufa ghafla akiwa kijana au aliyepata ugonjwa wa moyo mapema, usilifanye kabla ya kupimwa. Daktari akikubali, chagua asubuhi ambayo umelala vizuri. Pasha mwili joto dakika 15 kwa mbio nyepesi. Tafuta mlima wa wastani unaoweza kuukimbia kwa dakika mbili hadi tatu bila kusimama. Panda mara ya kwanza kwa nguvu lakini ukijizuia, shuka ukitembea. Panda mara ya pili kwa nguvu zaidi, shuka. Mara ya tatu panda na yote uliyonayo, na sekunde thelathini za mwisho usibakishe kitu. Nambari kubwa zaidi utakayoiona kwenye mkanda wakati huo, au sekunde chache baada ya kusimama, iko karibu sana na dari yako. Usiwe peke yako siku hiyo.

Tuseme umepata 192. Tazama kinachobadilika. Kwa dari ya 179, saa imekuwekea zoni ya pili, ile ya mbio nyepesi, kati ya mapigo 107 na 125. Kwa mkimbiaji anayeanza hapa Nairobi, 107 ni kutembea kwenda kupanda matatu. Ndiyo maana umejikuta unatembea. Ingia kwenye mpangilio wa saa, weka dari uliyoipima, weka pia mapigo yako ya kupumzika, 63, kisha chagua zoni zihesabiwe kwa kutumia akiba ya mapigo, yaani nafasi iliyo kati ya kupumzika na dari. Saa nyingi zina chaguo hilo, limefichwa tu ndani ndani. Njia hii ni ya Karvonen, mtafiti wa Ufini, tangu mwaka 1957. Hesabu yako: 192 ukitoa 63 ni 129. Asilimia 60 ya 129 ni 77, ongeza 63 upate 140. Asilimia 70 ni 90, ongeza 63 upate 153. Mbio zako nyepesi basi ni kati ya 140 na 153. Na ukikumbuka jaribio la vidole, kama ulihesabu 36 kwa sekunde 15, yaani 144, ulikuwa mahali panapofaa kabisa tangu mwanzo. Soga lako lilikuwa linasema kweli.

Ukipata dari nyingine, tumia yako. Na hata baada ya hapo, kila unapotoka, hakikisha kwa mdomo: uweze kusema sentensi tatu nne mfululizo bila kukatika pumzi. Siku ambayo saa na mdomo vinapingana, fuata mdomo, kisha urudi nyumbani utafute kwa nini saa ilikosea.

Kuhusu dada yako wa Mombasa, naomba uache kabisa kujilinganisha naye. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kila pumzi unayovuta hapa ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko anayoivuta yeye ufukweni. Moyo wako unalipa tofauti hiyo kwa kupiga mara nyingi zaidi kwa kasi ileile. Kuishi hapa kunaurekebisha mwili, damu inaongeza seli nyekundu, lakini haufuti deni lote. Yeye naye ana joto na unyevunyevu, vitu vinavyopandisha mapigo kwa njia nyingine, na ana dari yake ambayo hatuijui. Mkitaka kujuana, akija likizo mkimbie pamoja Karura, kila mmoja na mkanda wake. Siku za kwanza utamwona yeye akitweta.

Hiyo VO2 max ya 29 isikunyime usingizi. Saa haipimi oksijeni unayotumia. Kipimo hicho hufanywa maabara, mtu amevaa barakoa akikimbia kwenye mashine. Saa inachukua kasi yako na mapigo yako, inauliza: mtu anayekwenda polepole hivi na moyo unapiga juu hivi, uwezo wake ni upi? Ikiwa mapigo iliyoyaweka kwenye hesabu ni hatua za miguu, jibu litakuwa baya. Ongeza na hili: chini ya miti mirefu ya Karura setilaiti hazionekani vizuri, saa inakata kona za njia na kukupunguzia umbali, kwa hiyo inaamini ulikwenda polepole kuliko ulivyokwenda. Ongeza vilima na njia ya udongo. Hilo neno la kukosa tija limejengwa juu ya makosa matatu yaliyopandana. Ukirekebisha mapigo na dari, uikimbize mara moja kwa wiki mahali peupe na tambarare, baada ya wiki tatu nne utaona nambari inapanda bila wewe kubadilika, na tangu hapo ndipo itaanza kukueleza jambo.

Kalori zilizochomwa, ziache. Katika utafiti ule wa Stanford, kifaa kilichokuwa bora zaidi kilikosea kalori kwa wastani wa asilimia 27, na kibaya zaidi kwa asilimia 93. Usipime chapati kwa nambari hiyo.

Ninachotaka ukijali kwenye saa yako ni vitu viwili. Cha kwanza ni mapigo ya kupumzika, yale ya usingizini au ya asubuhi kabla hujaamka, kwa sababu hapo mkono umetulia na saa inasoma vizuri. Yako ni 62 hadi 64. Yakipanda hadi 70 au zaidi asubuhi mbili mfululizo, mwili unapambana na kitu: homa inayokuja, malaria kama ulisafiri, usingizi mdogo wa kufunga mahesabu ya mwisho wa mwezi, au mazoezi yaliyozidi. Siku hiyo tembea au pumzika. Kwa mwanamke kuna jambo moja zaidi ambalo makocha wengi wa kiume hawalisemi: katika nusu ya pili ya mzunguko, kabla ya hedhi, mapigo ya kupumzika hupanda kidogo, mawili, matatu, wakati mwingine zaidi, na hiyo si dalili ya ugonjwa wala uchovu. Andika tarehe zako kando ya nambari kwa miezi mitatu, utauona mpangilio wako.

Cha pili ni jaribio la nusu saa. Mara moja kwa mwezi, njia ileile tambarare, saa ileile ya asubuhi, ukiwa umekula kama kawaida yako, pasha mwili joto kisha kimbia dakika 30 ukiyashikilia mapigo kwenye 145, usipande usishuke zaidi ya mapigo matatu. Andika umbali. Mwezi wa kwanza huenda ukawa kilomita 3.9. Ukifika 4.2 kwa mapigo yaleyale, moyo wako umejifunza kusukuma damu zaidi kwa pigo moja, na hakuna nambari nyingine kwenye saa inayoonyesha maendeleo kwa uaminifu kama hii. Nasema andika, na ninamaanisha kwa kalamu. Eliud Kipchoge, aliyekimbia kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40 kule Vienna Oktoba 2019, amekuwa akiandika mazoezi yake kwenye daftari kwa mkono kwa miaka mingi. Kando ya umbali andika ulilala saa ngapi, kulikuwa na jua au mawingu, na miguu ilikuwaje. Saa haitakuandikia hayo.

Usishangae mbio ndefu zikikuonyesha mapigo yakipanda polepole ingawa kasi ni ileile. Unaanza na 142, baada ya saa moja na nusu uko 155. Mwili umepoteza maji kwa jasho, damu imepungua ujazo, nyingine imekwenda kwenye ngozi kuupoza mwili, basi moyo unapiga zaidi ili kazi iende. Kunywa maji, anza taratibu zaidi, na usiposikia dhiki endelea. Na mazoezi ya kasi ya dakika moja moja usiyaongoze kwa mapigo hata kidogo; moyo huchelewa kufika, na ukisubiri nambari ipande utakuwa umeshajichosha.

Sasa upande ambao sitaki uuchukulie kirahisi. Ikiwa mkanda wa kifuani, si saa, utathibitisha kwamba mbio za soga kweli zinakupeleka karibu na dari uliyoipima, na unachoka isivyo kawaida, nenda ukapimwe kiwango cha damu na tezi la shingo. Upungufu wa damu ni wa kawaida kwa wanawake wenye hedhi nzito, huupandisha moyo kwa kila hatua, na nimeona wakimbiaji wakilaumiwa uvivu mwaka mzima kumbe madini ya chuma yamewaishia. Na wasomaji wanaotumia dawa za presha au za moyo wawaulize madaktari wao kwanza: baadhi ya dawa hizo huzuia moyo kupanda, na zoni zote nilizozihesabu hapa haziwahusu. Yeyote anayepata maumivu au kubanwa kifua, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, au moyo unaoruka ruka bila mpangilio, asimame hapo hapo aende hospitali, hata kama saa inaonyesha 120.

Oktoba ikifika, utasimama mstarini katikati ya maelfu ya watu, muziki unapiga, na kabla hujapiga hatua moja mapigo yatakuwa yameshapanda kwa msisimko. Usiyasome. Kilomita tano za kwanza ongea na jirani yako kama mnavyoongea Karura. Kuanzia ya sita tazama mkanda, kaa karibu na 155 kama dari yako ni hiyo 192, na kuanzia kilomita ya 16 geuza kioo cha saa kiwe upande wa ndani wa mkono, ukimbie na ulichobaki nacho.

Kabla ya hapo, rudi Karura Jumamosi hii na rafiki yako, mkimbie. Kisha niandikie nambari mbili: ile ya vidole na ile ya saa, za sekunde ileile.